Somo la Majira ya Baridi: Chiriku Wageni Kwenye Chombo cha Mbegu



Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, aya ya 19 na ya 20, twasoma kwamba wanyama na ndege waliletwa mbele ya Adamu ili aone atawaitaje. Angalieni utaratibu wake. Kwanza waliletwa, kisha aliwaona, ndipo majina yakafuata. Sisi mara nyingi twaanza na jina. Kitu chekundu kikiruka nje ya dirisha, tumekwisha kusema ni nini kabla hakijatua.

Nimechagua somo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba tangu tulipotundika chombo cha mbegu nyuma ya ukumbi wa parishi, hakuna Jumapili ipitayo nisiulizwe, "Mwalimu, wale ni ndege gani?" Ya pili ni kosa nililolifanya mimi mwenyewe katika majira ya baridi ya 2020 na 2021. Nitalieleza mahali pake.

Tuanze na neno tulilokuja nalo kutoka nyumbani. Wengi wetu twamjua chiriku, na mtu asiyenyamaza huambiwa anasema kama chiriku. Wale chiriku wadogo wenye manjano, walao mbegu za majani kando ya mashamba, ni wa jamaa moja na hawa tunaowaona hapa New Hampshire. Wataalamu huiita jamaa hiyo Fringillidae. Alama yao ni mdomo mfupi, mnene kwenye shina na wenye ncha mbele, uliofanywa kwa kuvunja mbegu. Na mkia wao, ukiutazama kwa nyuma, umechongoka pande mbili kama umekatwa kwa mkasi katikati. Kwa hiyo mgeni wetu si mgeni kabisa, ni ndugu wa mtu tunayemfahamu.

Kwa nini basi baadhi yao huja mwaka mmoja na miaka mingine hawaonekani? Watu husema baridi imewasukuma. Sivyo. Ndege mwenye uzito wa gramu 13 aweza kustahimili baridi kali ajabu, mradi amekula. Kinachowasukuma ni njaa. Huko kaskazini, katika msitu mkubwa wa Kanada, chakula chao ni mbegu zilizomo ndani ya koni za misprusi na misonobari, na mbegu za mbetula, ule mti wenye gome jeupe libandukalo kama karatasi. Miti hiyo haizai sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja huzaa hata matawi yakainama, mwaka wa pili hupumzika, na mara nyingi hupumzika yote pamoja katika eneo kubwa. Mwaka wa kupumzika ukifika, ndege huondoka kwa maelfu kutafuta mahali penye chakula. Hawafuati kalenda wala njia moja. Wapo kati yetu wanaoijua habari hiyo bila kufundishwa na kitabu.

Kwa sababu hiyo mtu aweza kubashiri. Bwana Ron Pittaway wa Ontario, Kanada, kwa muda wa miaka kama 20 alikusanya habari za mavuno ya koni kutoka kwa watu walio msituni, akatangaza kila mwaka ni chiriku gani watakaoshuka kusini. Mwaka 2020 kazi hiyo akaichukua Bwana Tyler Hoar. Ubashiri wao hautokani na ndoto. Ni kuhesabu koni mitini.

Sasa tuje dirishani. Huwezi kumtambua mgeni usipowajua wenyeji, nami nasisitiza jambo hili kwa sababu makosa mengi hutoka hapo. Wenyeji wetu wa jamaa hii ni watatu. Majina ya Kiswahili hawana, hivyo nimewapa ya kwangu, na atakayepata bora zaidi aniletee.

Chiriku wa nyumbani ndiye wa kila siku. Dume ana wekundu usoni, kifuani na juu ya mkia, lakini ubavuni ana michirizi ya kahawia. Jike ni wa kahawia mtupu mwenye michirizi iliyofifia, na uso wake hauna alama yoyote ya kushika macho. Huyu naye ni mhamiaji! Asili yake ni magharibi ya nchi hii. Mwaka 1940 wafanya biashara ya ndege wa tundu waliwaachilia wachache karibu na New York, na wajukuu wao wameenea mashariki yote.

Chiriku wa zambarau ndiye ndege rasmi wa jimbo letu tangu 1957, ingawa kusema kweli hana zambarau. Rangi ya dume ni waridi lililokolea kuelekea damu ya mzee, nayo imemwenea kichwani, mgongoni hata ubavuni. Ubavu usio na michirizi ya kahawia ndio unaomtenga na yule wa nyumbani. Jike wake ni rahisi zaidi kuliko dume: ana mstari mweupe ulio wazi juu ya jicho na doa la kahawia nzito shavuni. Mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama aliniambia anamtambua kwa sababu amepaka wanja. Sijasikia maelezo bora kuliko hayo.

Chiriku-dhahabu huwachanganya wengi kwa kuwa hubadili nguo. Wakati wa joto dume ni wa manjano kama limau lililoiva. Wakati wa baridi amefifia, ni kama udongo wenye kijani kidogo, mabawa meusi yenye mistari myeupe. Shikeni alama moja: hana michirizi kifuani, hata kidogo.

Baada ya hao watatu, wageni.

Wa kwanza ni siskini. Huja pamoja na chiriku-dhahabu, nao ni wa kimo kimoja, kama sentimita 12 hivi. Kwa haraka utadhani ni chiriku jike wa nyumbani, kwa maana amejaa michirizi ya kahawia toka kooni hadi tumboni. Tazama mdomo: ni mwembamba, mkali kama sindano. Tazama na bawa: lina ukingo wa manjano, nao huonekana wazi zaidi akilikunjua. Hulikunjua mara nyingi, kwa kuwa ni mgomvi na huwafukuza wenzake chomboni. Chakula akipendacho ni zile mbegu nyembamba nyeusi ziitwazo naija. Jina lisikudanganye, asili yake si Nijeria. Ni zao la Uhabeshi, ambako watu hukamua mafuta yake. Zinapoingia Marekani hupashwa moto ili zisiote. Kwa hiyo ndege wa Kanada hula New Hampshire zao la Afrika ya Mashariki. Sijui kama yuko mtu aliyepanga kamati kwa ajili ya jambo hilo.

Wa pili ni redipoli, naye ndiye nimpendaye. Ni mdogo, ana kofia nyekundu juu ya paji la uso, kidevu cheusi, na mdomo mdogo wa manjano. Dume aliyekomaa ana kifua cha waridi. Anatoka mbali kaskazini, mahali ambapo jua la Desemba halionekani au huonekana kidogo tu. Kooni ana mfuko wa kuwekea mbegu, hivyo hujaza haraka mahali pa wazi, kisha hukimbilia kwenye kificho na kula polepole usiku unapoingia. Tena hujichimbia chini ya theluji na kulala humo, maana theluji ni blanketi.

Juu ya redipoli yako mafundisho makubwa kwa watu wapendao kubishana. Kwa miaka mingi vitabu vya hapa vilisema wako wa namna mbili: wa kawaida na mweupe. Yule mweupe alikuwa adimu, na watu walikaa dirishani kutwa wakitazama kundi la mia moja wamtafute mmoja mwenye kiuno kisicho na michirizi. Walioandikiana barua kwa ukali juu ya ndege mmoja si wachache. Mwaka 2021 uchunguzi wa chembe za urithi ulionyesha kwamba tofauti hiyo ya sura yatokana na sehemu moja tu ya urithi wao, na kwamba kwa mengine yote wamechanganyika. Mwaka 2024 chama cha wataalamu wa ndege wa Marekani kikawaunganisha wote kuwa aina moja. Waliokuwa na alama mbili daftarini wakafuta moja. Ndege wenyewe hawakubadilika hata unyoya.

Wa tatu ni grosibiki wa jioni. Huyu akija hutahitaji kitabu, ila utahitaji mfuko mwingine wa alizeti. Ana sentimita 18 na zaidi na uzito wa gramu kama 60, yaani chiriku-dhahabu wanne katika mmoja, na mdomo wake mnene mweupe waweza kupasua kokwa la cheri. Dume ana kichwa cheusi-kahawia chenye nyusi za manjano yang'aayo, tumbo la manjano, na doa kubwa jeupe katika bawa jeusi. Jike ni wa kijivu, lakini mdomo ni ule ule. Nimeletewa habari mara tatu za grosibiki, na mara tatu alikuwa chiriku-dhahabu. Manjano, meusi na meupe wote wanayo. Anayewatenga ni kimo, na kimo hupimwa kwa kulinganisha na ndege aliye karibu.

Sisi Waanglikana tuliozoea Sala ya Jioni tungefurahi kama jina lake lingekuwa la haki, lakini si la haki. Mwaka 1823 msafiri mmoja karibu na Ziwa Superior aliwasikia wakilia magugu yakiingia giza, akadhani huimba jioni tu. Mwaka 1825 William Cooper alipomwandika kitaalamu akalitia wazo hilo katika jina la Kilatini, na hata leo anaitwa vespertina, wa jioni. Ukweli ni kwamba huja asubuhi, na ifikapo alasiri mara nyingi ameshakwenda zake. Mtu mmoja alisikia mara moja, na jina limedumu miaka 200.

Kuna jambo zito zaidi juu yake. Wazee wa hapa husimulia kwamba katika miaka ya 1970 walikuja makundi makubwa kila baridi mpaka watu wakachoka kuwanunulia alizeti. Hesabu zilizotolewa mwaka 2016 zilionyesha kwamba tangu 1970 wamepungua kwa asilimia 92. Sababu moja inayotajwa ni kupungua kwa viwavi wa misprusi, ambao walizidi sana miaka ile na ndio chakula cha makinda wao. Magonjwa na ukataji wa misitu pia hutajwa. Kwa hiyo ukimwona mmoja, usimpite kama mtu apitaye kituo cha basi.

Wengine wawili nitawapitia upesi, kwa kuwa ni nadra kuja chomboni. Grosibiki wa misonobari ni mkubwa zaidi, mpole, mzito wa mwendo, mwenye mdomo mfupi mweusi. Dume ni waridi na kijivu. Mtafuteni kwenye miti yenye matunda madogo mekundu kando ya maegesho ya magari. Na mdomo-mkasi, ambaye ncha za mdomo wake hupishana kama mkasi uliofungwa vibaya, hukaa juu ya koni na kuzifungua kwa ufundi. Mbegu zikiwa tele, hutaga hata katikati ya theluji.

Sasa kosa langu.

Majira yale ya 2020 na 2021 chiriku wote walishuka kwa pamoja, jambo lisilotokea mara nyingi. Kanisa lilikuwa limefungwa kwa ajili ya korona, na mimi kazi yangu ilikuwa kuangalia jengo. Kila asubuhi nilijaza chombo. Siskini walikuwa wengi hata nikashindwa kuhesabu, nami nilifurahi kupita kiasi. Nilijiona kama niliyepewa kusanyiko jipya wakati lile la zamani halikuweza kukutana. Chombo sikukiosha hata siku moja. Nilimimina mbegu mpya juu ya zile zilizolowa.

Jumamosi moja ya Februari watoto wawili watatu wa Shule ya Jumapili walikuja uani kuchukua karatasi zao. Msichana mmoja alinyoosha mkono, na siskini akaruhusu kushikwa. Alikaa kiganjani ametutumua manyoya, macho nusu yamefumbwa. Mtoto akauliza, "Mwalimu, mbona haniogopi?" Nikamjibu, "Kwa sababu anakupenda." Nilikuwa hata na aya ya Mathayo sura ya 6 tayari mdomoni, juu ya ndege wasiopanda wala kuvuna.

Asubuhi yake nikawakuta watatu wamekufa chini ya chombo. Siku iliyofuata wanne. Ndipo nikauliza, nikaambiwa kwamba siskini wanakufa mahali pengi nchini kwa vijidudu vya salmonela, ambavyo huenea kwa mavi yanayodondoka penye mbegu, hasa ndege wakisongamana. Mwaka ule ule idara ya afya ya nchi ilitangaza kwamba watu 29 katika majimbo 12 waliugua salmonela iliyohusishwa na ndege hao wa porini. Ndege mdogo asiyekimbia mtu hajapenda mtu, ni mgonjwa. Nilikuwa nimetambua aina yake sawasawa, michirizi, mdomo wa sindano, ukingo wa manjano, na hali yake sikuiona kabisa. Mtoto hakupata neno. Ni bibi yake aliyemwosha mikono kwa sabuni alipofika nyumbani, si mimi. Nilikwenda kumwomba radhi bibi yule. Akanikaribisha chai, akaniambia kuwa kwao kuku akijikunyata hivyo hakuna anayesema anapenda watu.

Mathayo sura ya 10, aya ya 29, yasema hata shomoro mmoja haanguki pasipo Baba. Nilikuwa nikiifundisha kama faraja. Tangu Februari ile huisoma pia nikikumbuka kwamba aliyejaza chombo kile alikuwa mimi.

Basi yafuatayo ni ya kutenda, wala si mazito. Chombo kioshwe kila baada ya wiki mbili, na mara nyingi zaidi ndege wakiwa wengi. Kwanza maji ya moto na sabuni, kisha dawa ya kung'arishia nguo, ile tuliyozoea kuiita jiki, kipimo kimoja kwa vipimo tisa vya maji. Suuza vizuri, ukiache kikauke kabisa kabla ya kutia mbegu. Kisioshewe jikoni mnakooshea vyombo vya kulia. Maganda na mbegu zilizoanguka chini zifagiwe. Ndege aliyekufa asishikwe kwa mkono mtupu. Na ukiona hata mmoja aliyejitutumua asiyeruka, shusha chombo wiki mbili, hata kama ndiyo wiki grosibiki wamefika. Hawatakufa njaa, chombo chetu ni kitafunio, meza yao iko mitini. Kusambaa kwao ndiko kunakowaponya.

Naongeza neno juu ya kuandika. Tangu 1976 huko Ontario, na tangu 1987 katika Marekani na Kanada nzima, watu wa kawaida huhesabu ndege waliowaona chomboni toka Novemba hadi Aprili na kupeleka hesabu zao. Watu wa namna hiyo, wenye daftari jikoni, wamesaidia kuonyesha kwamba grosibiki wamepungua. Lakini hesabu hiyo ina faida tu ikiwa mtu ameandika alichokiona. Kama uliona mdomo na hukuona bawa, andika mdomo. Kama hukumtambua, andika "chiriku mmoja, sikumjua". Mwezi uliopita kijana mmoja wa kwaya aliniletea karatasi yenye ndege saba na mmoja wa nane akiwa ameandikwa hivyo hivyo. Hiyo ndiyo karatasi niliyoibandika ukumbini.

Kazi ya mwezi huu nyumbani ni hii. Someni Mwanzo 2:19–20 na Yeremia 8:7, kisha mzungumze: ndege wa Yeremia wanajua majira yao, hawa chiriku wasio na majira maalum wanafuata nini? Ni nani katika mtaa wenu mliyempa jina kabla ya kumtazama? Halafu kaeni dirishani dakika kumi na tano, mtoto mmoja aandike, wengine waseme wanachoona, bila kufungua kitabu cha ndege mpaka dakika ziishe.

Zamu ya kuosha chombo imebandikwa mlangoni. Jumamosi mbili za Machi bado hazina jina. Tarehe 1 Aprili chombo kitashushwa kama idara ya wanyama wa jimbo inavyoshauri, kwa sababu dubu watakuwa wameamka, nao hupenda alizeti kuliko grosibiki.